Barua Nne Zilizokwisha Kusomwa

Jina langu ni Valentin Balagizi, na kabla ya kusema lolote lingine niseme hili: nina wivu. Mke wangu Annonciata alilijua kabla ya ndoa, akakubali kuolewa nami hivyo hivyo, kwa hiyo asilalamike. Sioni wivu juu ya gari la mtu wala nyumba yake ya ghorofa. Wivu wangu ni juu ya wateja, na hasa juu ya mmoja.

Nina sekretariati Birere, ng'ambo ya wauza vitenge. Ni meza moja, kompyuta moja, printa inayotafuna karatasi ikikasirika, na kiti kifupi cha mbao cha mteja. Watu huja niwapigie barua ya kuomba kazi au niwatolee fotokopi ya kadi ya uchaguzi. Lakini kazi niliyoipenda ni kuwasomea watu barua pepe zao. Wenye simu kubwa wana mambo yao ya kupigiana kwa picha na sauti, waendelee. Mimi nasema juu ya wale waliofunguliwa anwani na mtoto, kisha mtoto akaenda mbali, anwani ikabaki mikononi mwao kama ufunguo wa nyumba wasiyojua ilipo. Hao hutafuta msomaji. Wakimpata humpa neno la siri, naye huliandika kwenye daftari. Daftari langu lina majina thelathini na saba. Hapa kwetu hakuna anayeshangaa. Mtu ana padri anayemwungamia, ana kinyozi wake, ana msomaji wake wa barua pepe, na habadilishi ovyo.

Kila mmoja ana namna yake. Mama Mwavita anayeuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, hataki kabisa salamu, anataka bei ya Bukavu tu, na nikifika kwenye "natumaini hujambo" hunikatiza: "Ruka, papa Valentin, ruka!" Modeste, fundi cherehani, anataka nifungue hata matangazo, kwa sababu yanaanza na "Mpendwa Modeste" na hakuna mtu mwingine Goma anayemwita mpendwa. Kuna pasta mmoja ana barua elfu nne ambazo hajafungua, na amenikataza kufuta hata moja, eti huenda ndani yake mna mwaliko wa Ulaya. Mimi mwenyewe naanza juu kabisa nashuka hadi chini, siruki kitu, sifuti kitu, nasoma kwa sauti na kupumua pale mwandishi alipopumua.

Sasa Muzee Zihindula. Huyu alikuwa fundi mwashi, mtu wa upande wa Bukavu, mjane, Mkatoliki wa kutochelewa misa. Anakaa Lac Vert, na kila Jumatatu saa tatu asubuhi alishuka kwenye pikipiki mbele ya mlango wangu, koti limefungwa vifungo vyote. Alikaa kwenye kile kiti akaipa kompyuta mgongo. Hakutaka kuiona. Alitaka kusikia tu, uso umeelekea barabarani.

Binti yake wa pekee, Bénita, yuko Kameruni, novisi kwa masista, bado hajaweka nadhiri. Alipoondoka baba yake hakumsindikiza. Hakumpa mkono, hakumpa neno. Mtoto mmoja tu, na huyo mmoja akachagua kutoolewa. Mzee alikaa ndani amefunga mlango mpaka gari likaondoka. Novisi hana simu. Anaruhusiwa barua pepe moja kwa mwezi, Jumapili ya kwanza, kwenye mashine ya nyumba yao. Muzee alikuja kila Jumatatu hata hivyo, kwa sababu, alisema, hesabu za masista hazijui.

Barua za Bénita zilikuwa kavu. Niko mzima. Tumepanda vitunguu. Sista mkubwa alikuwa na homa, amepona. Basi. Ila mwishoni aliweka mstari mmoja: "Papa Valentin, aksanti kwa kumusomea baba." Mwaka mzima hakuna mtu aliyeniandikia mimi barua, nisiseme uongo, na mstari ule ulikuwa wangu. Niliusoma kimoyomoyo mara mbili kabla ya kuusoma kwa sauti.

Na hapo ndipo nilipoanza kuongeza. Nilimtazama mzee ameketi pale, masikio yamesimama, anangoja neno la kupoza moyo, na mimi nina vitunguu tu mkononi. Nikaongeza kidogo. "Papa, usiku naota nyumba yetu." Mwezi uliofuata nikaongeza tena. "Papa, nikisikia mtu anagonga mawe nakukumbuka wewe." Mzee alikuwa anatoa kitambaa na kupangusa macho. Polepole akaanza kunituma nimjibu, maneno matatu, manne. Hasira yake ilikuwa inayeyuka, na mimi ndiye niliyekuwa naiyeyusha. Nilijiona mtu mkubwa.

Mwezi wa tisa nikaugua malaria siku sita. Muzee alikuja Jumatatu akakuta nimefunga. Ng'ambo ya barabara, kati ya wauza vitenge, kuna sekretariati nyingine. Ya Joviale. Ana miaka thelathini na miwili, paneli ya jua juu ya bati, printa isiyotafuna, na mafaili yenye rangi. Muzee akamwambia amsomee ya mwezi huo na kuijibu, kisha, kwa sababu alikuwa na kiu ya maneno ya mtoto, amsomee tena zile za nyuma.

Joviale akazisoma. Nyumba ya ndotoni haikuwemo. Mawe hayakuwemo.

Nilipopona, Muzee alikuja kwangu mara moja tu. Hakuketi.

"Balagizi," alisema, na alikuwa hajawahi kuniita bila papa mbele. "Mimi nilitaka maneno ya mutoto wangu. Hapana yako."

Akavuka barabara.

Ningeomba msamaha siku ile ile, nisingekuwa na habari hii ya kuwaandikia. Lakini mimi nilikasirika. Nilikasirikia Joviale kwa kusoma kilichoandikwa! Kila Jumatatu saa tatu niliona koti lile likipita mlangoni pangu na kuingia kwake. Niliona mgongo wa mzee kwenye kiti chake cha plastiki, midomo ya Joviale ikienda upesi upesi, na sikupiga barua ya mtu mpaka saa sita. Annonciata akileta chakula nilikuwa nakisukuma. "Wewe unamulilia ule muzee kuliko mwanaume anavyomulilia bibi aliyemukimbia," aliniambia. Alikuwa anacheka. Mimi sikucheka, maana ilikuwa kweli.

Na neno la siri lilikuwa bado kwenye daftari langu, ukurasa wa nne, mstari wa pili.

Mwezi wa kumi, Jumatatu ya kwanza, nilifungua mlango saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla wauza vitenge hawajatandika. Nilijiambia ninatazama tu kama imefika. Ilikuwa imefika, jina la Bénita limeandikwa kwa wino mzito, namna mashine inavyoonyesha barua ambayo hakuna mtu ameifungua. Nikaifungua mimi. Nikaisoma kabla ya baba yake, kabla ya Joviale, na nikasikia utamu ambao ninaona aibu kuuandika. Kisha nikafika mwisho. "Dada Joviale, aksanti kwa kumusomea baba."

Dada Joviale! Mstari wangu, amepewa mwingine, haujabadilishwa hata koma.

Mtu mwenye akili angefunga asirudi tena. Mimi nilirudi mwezi wa kumi na moja, nikarudi mwezi wa kumi na mbili, nikarudi mwezi wa kwanza. Kila mara alfajiri ya Jumatatu, kila mara nikiwa wa kwanza. Bénita alikuwa anaandika habari nzito sasa. Nadhiri zake zingekuwa tarehe mbili mwezi wa pili, na alikuwa anaomba baraka ya baba. Nilisoma, nikafunga, nikangoja saa tatu nimwone mzee anapangusa macho ng'ambo ya barabara. Hakupangusa. Nikafurahi. Nikasema moyoni: unaona, kwa Joviale hata habari kama hii haimfiki mtu rohoni, mwanamke hajui kusoma.

Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa kwanza tulikuwa kwenye salongo. Asubuhi ya salongo hakuna duka linalofunguliwa wala pikipiki inayobeba mtu. Kila mmoja na fagio lake au koleo lake mbele ya mlango wake, tunazoa matope na mifuko kutoka kwenye mfereji. Mfereji wetu ni mmoja, mimi upande huu, Joviale upande ule. Miezi minne nilikuwa nimemsalimia kwa kidevu tu. Siku ile alisimama, akaegemea koleo.

"Papa Valentin, nikuulize kitu. Wewe ulimujua Muzee Zihindula zamani kuliko mimi. Ule mutoto yake alikuwaka ananyamaza vile?"

"Ananyamaza namna gani?"

"Miezi ine papa! Kila lundi saa tatu muzee anakuya, nafungua, hakuna. Amekonda. Lundi ile ilipita alisema: 'Mutoto amenikatala, sawa vile mimi nilimukatala.' Alitoka bila kunisalimia."

Fagio lilikuwa bado mkononi mwangu. Nilisikia maneno yake vizuri, lakini niliuliza kama mtu asiyesikia.

"Unaangaliaka wapi? Kwa juu?"

"Ah, hapana. Kwa juu kumejaa matangazo, nitamaliza saa ngapi? Mi nilipanga mashini inionyeshe zile hazijasomwa tu. Kama zote zimesomwa, paji ya mashini iko mweupe, hakuna barua, nafunga. Njo vile nafanyiaka bateja yote, inaenda mbio."

Mimi nasoma kutoka juu hadi chini. Haikuwahi kunipitia akilini kwamba mtu anaweza kusoma barua kwa namna nyingine. Kila barua niliyoifungua alfajiri ilipoteza ule wino mzito, ikawa imekwisha kusomwa, ikatoweka machoni pa Joviale. Barua nne. Mimi ndiye niliyekula barua nne za mzee yule, moja baada ya nyingine, na nikamwangalia anakonda ng'ambo ya barabara nikidhani msomaji wake ndiye mbaya.

Niliacha fagio mferejini. Niliingia ndani, nikashusha mlango nyuma yangu, nikawasha kompyuta.

Sasa mjue jambo moja. Katika mashine ile kuna mahali pa kubofya, barua iliyosomwa ikarudi kuwa ambayo haijasomwa. Nilikuwa nalijua. Ningebofya mara nne, wino mzito ungerudi, Jumatatu Joviale angefungua na kupiga kelele za furaha, na hakuna mtu Birere ambaye angejua lolote. Niliweka kidole. Kisha nikafungua ile ya mwezi wa kwanza niisome tena, maana mara ya kwanza nilikuwa nimeisoma kwa jicho la mwizi.

Jumatatu ndiyo ilikuwa tarehe mbili, na kesho, Jumapili ya kwanza ya mwezi, ndiyo siku pekee ambayo Bénita angeifungua mashine kabla ya hapo. Jumatatu saa tatu, wakati Muzee anaketi kwenye kiti cha plastiki, Bénita angekuwa kanisani, au angekuwa hayumo.

Nikachapa zote nne. Printa ilitafuna ya tatu, nikaichapa tena.

Sikungoja pikipiki. Nilishika barabara ya Sake kwa miguu, viatu vya salongo, suruali ina matope hadi magotini, na pale pikipiki zilipoanza kubeba watu nilipanda moja nikafika Lac Vert saa tano. Muzee Zihindula alikuwa nyuma ya nyumba, anang'oa majani kati ya maharagwe, kwenye ule udongo mweusi uliojaa mawe ya volkano. Kweli alikuwa amekonda. Koti lile lile, lakini sasa shingo ilikuwa inacheza ndani ya kola.

"Muzee, jambo."

Alinitazama, akatazama karatasi.

"Unatafuta nini huku?"

Nilimwambia. Nilisema vyote nikiwa nimesimama: neno la siri, alfajiri, barua nne, namna Joviale anavyopanga mashine yake. Nilisema ni wivu. Sikutafuta neno lingine la kulifunika.

"Wivu wa nini? Wa Joviale?"

"Wa wewe, muzee. Uliniacha."

Nilidhani atanipiga na jembe, na ningesimama anipige. Alikaa juu ya jiwe. Akanigeuzia mgongo, kama zamani, uso umeelekea upande wa barabara.

"Soma," alisema. "Hapana kuongeza."

Nikasoma. Ya kwanza, ya pili, ya tatu. Hata "dada Joviale" niliisoma, mara tatu, kwa sauti. Kisha ya nne:

"Papa, nadhiri ni tarehe mbili. Nilikuomba baraka mara tatu, haukujibu. Sista mukubwa anasema bila neno lako nitangojea mwaka mumoja tena. Sina hasira. Nataka tu kujua kama niko mutoto wako bado. Bénita."

Mwishoni mwa ile hakukuwa na salamu kwa mtu yeyote. Mdomo wangu ulikuwa na maneno tele ya kuweka pale. Sijawahi kuwa na maneno mengi kama siku ile. Nikafunga mdomo.

Muzee akainuka, akajipangusa mikono kwenye koti.

"Twende kwa Joviale."

Si kwangu. Nilikuwa nimejua hivyo, na bado iliniuma. Tulipanda pikipiki moja, yeye katikati, mimi nyuma, mpaka Birere. Joviale alikuwa ndiyo kwanza anafungua. Muzee aliketi, akaipa kompyuta mgongo, mimi nikabaki mlangoni kama mtu aliyekuja kudai kitu.

"Andika. 'Mutoto wangu Bénita. Uko mutoto wangu. Nimekubali. Enda na baraka yangu yote. Nilipashwa kukupatia siku ile uliondoka.'"

Joviale aliandika upesi upesi. Kisha akauliza, na alikuwa na haki ya kuuliza:

"Na juu ya ile miezi ine, papa, tumuambie nini?"

Muzee hakunitazama.

"Andika réseau, ile ya mtandao, ilikuwa mubaya."

Joviale alinitazama mimi. Alikuwa amekwisha kuelewa, si mjinga. Akainama, akaandika uongo ule kwa vidole vyake vizuri, ili mtoto wa watu kule Kameruni asijue kuna mtu anaitwa Valentin. Nilitamani anitukane.

"Sasa badilisha lile neno la siri," alisema Muzee.

Nilirudi kwangu, nikafungua daftari ukurasa wa nne, nikafuta mstari wa pili kwa kalamu mpaka karatasi ikatoboka. Annonciata nilimwambia jioni, wakati wa kula. Hakucheka safari hii.

Jibu lilikuja. Nilijua kwa sababu Jumatatu ya kwanza ya mwezi wa tatu niliona Joviale anachapa karatasi, na Muzee anatoka nayo mkononi. Hakwenda kwenye pikipiki. Alivuka barabara akaingia kwangu, akakaa kwenye kile kiti kifupi, akaipa kompyuta mgongo. Akanyoosha karatasi nyuma ya bega lake bila kugeuka.

"Joviale amenisomea. Wewe pia nisomee."

Nikaichukua. Ilikuwa mistari miwili. Nikasoma: "Papa, barua yako ilifika. Nadhiri nimeweka. Aksanti. Sista Bénita."

Alingoja. Nje mtu alikuwa anaita wateja wa vitenge.

"Njo vile tu?"

"Njo vile tu, muzee."

"Zamani..." Akakohoa. "Zamani ungeliona na mistari mingine."

Aliyaomba maneno ya kuongeza. Mnanielewa? Mzee mwenyewe, aliyeniacha kwa sababu ya maneno yangu, alikuja kuyaomba. Nilikuwa nayo yote hapo kwenye ulimi: kanisa limejaa, mtoto amepiga magoti, anatafuta uso wa baba yake kati ya watu. Angerudi kwangu kila Jumatatu mpaka kufa.

"Hakuna ingine, muzee," nilisema. "Ni ile tu aliandika."

Alichukua karatasi yake, akaikunja mara nne. Akasema aksanti, akavuka barabara akarudi kwa Joviale, labda kuiweka kwenye faili lake la rangi. Nilimwona anakaa tena kwenye kiti cha plastiki, anamnyooshea karatasi. Nilimwona Joviale anaifungua, anamtazama mzee kisogoni, anasita kidogo, halafu anaanza kusoma.

Ilikuwa mistari miwili. Joviale alisoma dakika kumi nzima, polepole, akipumua kati ya maneno, na mzee akatoa kitambaa chake. Sikutoka mlangoni mpaka alipomaliza.